Ukurasa wa Saba

Nilianza kuwasomea watu barua nikiwa na miaka tisa. Wanaume wengi wa kijiji chetu cha Mwamgongo, kando ya Ziwa Tanganyika, walikuwa wamekwenda kukata mkonge Tanga, na wake zao hawakuwahi kukaa darasani. Mimi nilijua kusoma, nilikuwa na sauti kubwa, na kiherehere nilizaliwa nacho. Kila boti ilipoleta barua, wanawake walinitafuta. Nilikalishwa juu ya kinu kilicholazwa, na mwenye barua alikaa chini mbele yangu, mikono mapajani, akinitazama mdomo.

Haikunichukua muda kuijua kazi ile. Barua yenye salamu na ahadi ya kurudi ililipwa kwa samaki, mgebuka mzima wa kuchoma, wote wangu. Barua yenye habari mbaya ilileta kilio, na mama mmoja alininasa kibao utadhani mwandishi ni mimi. Hakuna aliyenifundisha kuruka mistari. Nilijifunza mwenyewe, na baadaye nikagundua kwamba wasomaji wote wa barua pale kijijini walifanya vilevile. Ukikuta jambo baya unakohoa, unashuka mistari miwili mitatu, unaendelea na "wasalimie wote." Nadhani baadhi ya wanawake walijua, na wakashukuru.

Dada yangu hakujua. Amenizidi miaka tisa, na mumewe alikwenda Tanga mwaka uleule waliooana. Nilikuwa na miaka kumi na moja ilipokuja barua kwamba huko amepata mke mwingine, na dada asimsubiri. Dada alikuwa amekaa mbele yangu, kidevu juu ya magoti. Nikakohoa. Nikamsomea kwamba mwaka huu mkonge ni mwingi, atachelewa kidogo. Alimsubiri miaka sita, mpaka watu waliorudi walipomwambia.

Sikumwambia kamwe. Nilisoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikapiga watu viboko kwa kuruka maneno wakati wa kusoma kwa sauti, nikastaafu, nikajenga Kasingirima, mjini Kigoma. Dada alibaki Mwamgongo na dagaa wake wa kuanika na shamba lake la mihogo. Kila karatasi iliyomhusu ililetwa kwangu. Yeye anaweza kusoma majina ya boti na namba za simu, basi.

Kwa hiyo alipopata kansa ya titi, nilimsomea kansa. Nilikwenda naye hospitali kubwa, mbali na kwetu, alikokatwa titi la kushoto, akawekewa zile dripu zilizomnyonyoa nywele mpaka nyusi, halafu mionzi. Daktari alipoandika kwamba ugonjwa umefika kwenye mitoki, zile tezi za kwapani, nilimsomea kwamba kwapani pamesafishwa vizuri. Si uongo kabisa. Palisafishwa.

Tulirudi akiwa hai, na mimi nikataka kushangilia. Yeye hakushangilia. Mvua za kwanza zilinyesha, shamba likakaa vilevile, majani yakaota mpaka mlangoni. Nilipomgombeza kwa simu akaniuliza, "Mihogo inakaa mwaka mzima ardhini. Nimpandie nani?" Mimi ninayejua kujibu kila kitu nilikata simu nikasingizia mtandao.

Kisha wakaja watafiti. Nilikuwa nimekwenda kliniki mjini Kigoma kumchukulia majibu yake ya vipimo, ziwa likiwa limechafuka na boti za kaskazini, upande wa Mwamgongo, hazitoki. Tulikusanywa kwenye ukumbi, wagonjwa na ndugu. Walisema wanatafuta wanawake waliomaliza matibabu ya kansa ya matiti, wakubali kujaribiwa chanjo ya kuufundisha mwili kuutambua ugonjwa ukirudi, uupige mapema. Walisema waziwazi kwamba hawajui kama inafanya kazi, ndiyo maana wanaijaribu. Walisema si lazima, na anayekataa ataendelea kutibiwa kama kawaida. Wakanipa fomu ya ridhaa, kurasa kumi na mbili za Kiswahili, nikamsomee mgonjwa nyumbani.

Nilimpigia simu dada nikiwa bado getini.

"Kuna chanjo?" akauliza.

"Wanaijaribu, dada. Bado hawajui."

"Ya kuchoma mkononi?"

"Ya mkononi. Lakini wanaijaribu."

"Chanjo ni chanjo," akasema. Wanawe wote aliokuja kuwazaa baadaye walichanjwa surua, na hakuna aliyeugua surua. Kwake yeye mjadala uliishia hapo.

Wiki ile akapanda mihogo. Alinipigia kuniambia, akihema kwa uchovu, kwamba amemaliza upande wote wa mtoni na kwapa linamvuta lakini amemaliza. Nilikaa jikoni nikalia peke yangu. Nilikuwa nimemkumbuka sana dada yangu huyo anayehema na kujisifu.

Ziwa likatulia, akaja na kikapu cha dagaa. Tulikaa barazani mchana, yeye akichambua mchanga kwenye dagaa, mimi na miwani yangu na zile kurasa. Nilisoma sehemu kwa sehemu, nikimgeuzia kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani, pale Kiswahili cha watafiti kilipokuwa kigumu. Damu itachukuliwa mara ngapi. Mkono unaweza kuvimba, homa inaweza kuja. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa. Alikuwa anaitikia, "Ehe. Ehe," vidole vikienda.

Ukurasa wa saba ulisema kwamba wanawake watagawanywa makundi mawili kwa bahati tu. Kundi moja litachomwa chanjo. Kundi lingine litachomwa maji ya chumvi ya hospitali, yale ya kwenye dripu, yasiyotibu wala kudhuru. Si mgonjwa wala nesi atakayejua nani kapata nini, mpaka utafiti uishe.

Nilimtazama. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, laini, za kijivu, na alikuwa ananiambia huku akichambua kwamba mwakani atanitengenezea unga wa mihogo ile, niache kununua unga wa dukani wenye vumbi. Niliwaza: akisikia maji, atarudi nyumbani na boti ya kesho, na majani yataota tena mpaka mlangoni.

Nikakohoa. Nikafungua ukurasa wa nane.

Nataka niseme nilimhurumia, na kweli nilimhurumia. Lakini nilijihurumia mimi pia. Mimi ndiye niliyehitaji awe anapanda.

Siku ya tatu tulikwenda kliniki. Nesi wa utafiti alikuwa binti mgeni, bado hajaizoea Kigoma, mwenye adabu. "Shikamoo mama. Mwidiwe," akasema, akijaribu salamu ya Kiha.

"Marahaba. Mwidiwe ni mchana, mwanangu," dada akamwambia akicheka. "Asubuhi ni mwakeye."

Nesi akacheka, akaandika neno hilo kwenye kiganja. Kisha akaeleza kwamba kabla mtu hajasaini, wana utaratibu: mgonjwa mwenyewe aeleze, kwa maneno yake, alichoelewa. Ndugu anyamaze.

Dada alieleza vizuri kuliko wanafunzi wangu wote. Damu, uvimbe, homa, kujitoa. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Na utachomwa nini, mama?"

"Chanjo."

"Kila atakayejiunga atachomwa chanjo?"

"Kila mmoja. Sasa wangewaita watu wa nini?"

Nesi hakumtazama dada. Alinitazama mimi, na mimi nikaitazama kalenda ukutani. Halafu akaeleza mwenyewe, polepole, habari ya makundi mawili na maji ya chumvi. Akamwonyesha kwa kidole ukurasa wenyewe. Dada aliusogeza ule ukurasa karibu, akautazama kwa muda mrefu, ingawa hawezi kuusoma. Nesi akasema hakuna haraka, fomu zinapokelewa mpaka Ijumaa, tukapumzike nje tufikirie.

Nje kulikuwa na benchi lenye wagonjwa wengine. Tulikaa. Nilisubiri anitukane, maana dada ana mdomo, na ningeshukuru. Alikuwa anakunja ncha ya kanga na kuikunjua.

"Na ile barua ya Tanga?" akauliza.

Sikujitia hamnazo. Nilijua barua ipi.

"Dada, nilikuwa mtoto."

"Sikukuuliza umri."

"Alisema usimsubiri," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Niliona anapiga hesabu, naye akihesabu huwa anagusa vidole kwa dole gumba. Alifika kidole cha sita akaacha. "Na kwapani?" akasema. "Walipaona vipi?"

Nikamwambia na hilo. Nilimwambia pale pale kwenye benchi, mchana kweupe, watu wakipita na vikopo vyao vya mkojo, jambo nililolificha mwaka mzima, na halikuchukua hata dakika moja kulisema. Nilivaa miwani nikanyoosha mkono kuzichukua zile kurasa, nimsomee upya, kila mstari, hata namba za kurasa.

Hakunipa. Aligeukia upande wa pili, kwa mama mmoja wa mtaa wa Buzebazeba ambaye tulikuwa tumemsalimia tu asubuhi ile. "Mwenzangu, unajua kusoma?" Yule mama akasema anajua kidogo. "Nisomee huu wa saba. Soma yote."

Yule mama alisoma kwa kugugumia, akifuata maneno kwa kidole, akirudia aliyokosea. Alichukua muda mrefu sana. Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na zaidi, nilikaa pembeni na miwani yangu usoni nikisikiliza. Sikuthubutu hata kumsahihisha.

Alipomaliza, dada akamshukuru, akainuka, akaingia ndani peke yake. Mlango ulikuwa wazi nikamsikia. "Kama ni maji, ni maji," alisema. "Andika jina langu." Kwa hiyo hakuhitaji kufichwa. Ukurasa ule niliouogopa, aliubeba mwenyewe kama alivyobeba mengine yote.

Ameshachomwa sindano zake zote sasa. Hatujui ni chanjo au ni maji, na nesi hajui, na safari hii hakuna mtu popote pale Kigoma ninayeweza kumbembeleza aniambie. Nilidhani hilo ndilo litakalonisumbua zaidi. Kinachonisumbua ni simu yake. Ujumbe wa kliniki unaingia kwenye simu yake kule Mwamgongo, naye anampelekea mke wa mchungaji amsomee. Mimi hanitumii tena. Hajanikasirikia, au haonyeshi. Akija mjini analala kwangu, tunapika, ananitania kwamba nimenenepa kwa pensheni. Karatasi zake zinakaa kwenye mkoba wake, na mkoba analala nao kichwani.

Mwezi uliopita alikuja kwa vipimo. Aliniacha nje kwenye benchi lilelile. Nesi alipotoka alinisalimia "Mwakeye" kwa ufasaha kabisa, akasema majibu atatumiwa mama mwenyewe. Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka kumwambia kwamba huyo ndiye aliyenilea, kwamba mimi ndiye macho yake tangu nikiwa na miaka tisa. Nikasema, "Ahsante, mwanangu."

Nilihesabu siku. Wiki ilipoisha nilipiga simu. Akapokea akiwa shambani, nilisikia jembe likitua.

"Majibu yamekuja?"

"Yamekuja jana. Mke wa mchungaji kanisomea."

"Wamesemaje?"

Dada akakohoa.

"Mihogo imeshika vizuri sana mwaka huu," akasema. "Na watu wote wa huku wanakusalimia."