Macho Yangu na Meno ya Asiku

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa mtu mashuhuri mtaani kwetu Awindiri, karibu na mpaka wa Congo. Wanawake wazima waliacha kufua, wakaniletea watoto wao wachanga niwatazame mdomoni. Sisemi haya kwa kujisifu. Kama ningeweza kuyafuta, ningeyafuta leo kabla ya chai.

Ilianza na mdogo wangu, Wani. Alikuwa na miezi sita, anaharisha, mwili unachemka, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni tangu asubuhi kwa sababu mama alikuwa ameenda soko la Inde kuuza nguo. Bibi mzaa mama alikuwa amekuja kutoka Koboko kutusaidia. Nilimpa Wani kidole anyonye, nikahisi uvimbe kwenye ufizi, pale chonge zinapokaa. Nikafunua mdomo, nikaona vidoa viwili vyeupe.

"Bibi, iko kitu nyeupe hapa!"

Bibi alitazama, akajipiga paja. "Hii meno ya uongo. Hii ndiyo inakula mutoto."

Kwetu watu waliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba mtoto mchanga anayeharisha na kupata homa ana meno ya uongo, vitu kama funza vilivyojificha ndani ya ufizi, na visipotolewa atakufa. Aliyekuwa akiyatoa ni Mama Poni, aliyeishi upande wa Onduparaka. Kifaa chake kilikuwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Mimi ndiye niliyeshika kichwa cha Wani. Mama Poni alipomaliza alituonyesha kwenye jani vitu viwili vyeupe, laini, vidogo kuliko punje ya mtama. Nilifurahi, sitadanganya. Nilijiona nimekamata mwizi.

Wani alipona. Mama aliporudi alimkimbiza zahanati, akawekewa dripu siku mbili, lakini dripu hiyo hakuna aliyeitaja. Walitaja macho yangu.

Jirani yetu Mama Asiku alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Alikuwa mwanamke wa upande wa Congo, ameolewa kwetu, na Asiku alikuwa mtoto wake wa kwanza, miezi saba, ana homa na mafua. Wanawake kama sita walisimama kutuzunguka. Nilifunua mdomo. Ufizi ulikuwa mwekundu tu. Nikabonyeza kulia, nikabonyeza kushoto, sikuona kitu. Nikainua macho. Bibi alikuwa amesimama nyuma yao, ananitazama kwa fahari ambayo hakuwahi kunitazama nayo kabla wala baada.

"Iko," nikasema.

Walimpeleka kwa Mama Poni siku ileile. Usiku ule sikulala, na kesho yake sikukaa. Nilipita mbele ya mlango wao mara nisizoweza kuhesabu, naambiwa anavuja damu, naambiwa amevimba shavu, naambiwa hanyonyi. Mara mbili nilifika kizingitini ili niseme, nikarudi. Alhamisi Asiku akafa.

Watu walisema alicheleweshwa kupelekwa kwa Mama Poni. Hakuna aliyenitazama vibaya. Mama Asiku mwenyewe alinivuta kifuani pake msibani akasema, "Wewe ulijaribu kusaidia sisi, mama." Afadhali angenichapa. Baada ya hapo kila aliyeniletea mtoto nilimwambia macho yananiuma, na Bibi akawa ananiosha macho kwa maji ya chumvi.

Sasa nina binti wa miezi minane. Namfuta fizi kwa kitambaa safi kilicholowa, asubuhi na jioni, na jino la kwanza lilipochomoza nilinunua mswaki laini siku hiyohiyo. Namfunua mdomo mara nyingi mno. Mume wangu husema, "Acha mudomo ya mutoto ipumzike." Simwambii ninachotafuta, maana mwenyewe sijui. Muuguzi alinieleza zamani kwamba vile vidoa vyeupe ndiyo meno yenyewe ya utotoni, yakiwa bado machanga ndani ya ufizi. Kumbe tulikuwa tunawachimba watoto meno yao. Wani ni mwanamume mzima, na chonge zake zilitoka zimepinda. Hucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Mwezi uliopita Mama Asiku aligonga mlango wangu. Nywele zimekuwa nyeupe, na mgongoni amebeba mjukuu, mwili wa moto.

"Angalia yeye, mama. Wewe iko na macho."

Nilimfunua mtoto mdomo. Vidoa viwili vilikuwepo pale pale. "Hii ni meno yake, mama," nikamwambia. "Hapana kugusa. Joto iko na sababu ingine. Twende hospitali sasa hivi." Alinifuata bila kubisha. Walimpima damu, ilikuwa malaria, tukaambiwa tukae kwenye benchi tungoje dawa.

Tukaketi. Kisha akauliza, macho yake yako sakafuni, "Na ya Asiku? Ile siku, kweli ilikuwa iko?"

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimetunga majibu ya swali hilo, mengine marefu, mengine ya machozi. Nilipata moja tu. "Hapana, mama. Hapakuwa na kitu. Niliona watu wote wananitazama, nikasema iko."

Alimhamisha mtoto kutoka goti hili kwenda lile.

"Wewe ulikuwa mutoto," akasema. "Mimi ndiye nilimubeba mupaka kule."

Siku zote nilidhani mzigo huu ni wangu peke yangu, na shukrani zake zilikuwa zinanichoma kwa sababu sikuzistahili. Pale benchini ndipo nilipoelewa kwamba hazikuwa zangu. Alihitaji macho yangu yawe ya kweli, ili kule kumpeleka mwanawe kwa Mama Poni kuwe ni kumsaidia. Nimemwondolea hilo, akiwa mzee. Nilitaka kusema kweli ili nipumzike, na sijapumzika, na sasa hata yeye hapumziki. Bado naamini ilibidi aijue.

Muuguzi akaita jina la mjukuu. Nilinyoosha mikono nimpokee, maana bibi wa watu alikuwa amechoka. Hakunipa. Alisimama, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akambeba mwenyewe mpaka ndani.