Rotule Iliyomshinda Mwenye Gari

Miaka ile ya hamsini, pale Baraka kando ya ziwa, nilikuwa na gari dogo la Kifaransa nililouziwa na mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na kiburi kikubwa kuliko gari lenyewe. Gurudumu la mbele la kushoto lilipoanza kucheza kama jino la mtoto, niliambiwa ni rotule: kichwa cha chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake na kulishika gurudumu linapokata kona. Kikilegea sana huchomoka, na gari hulala chini. Nikaagiza mpya Uvira, ikaja kwa mashua, nikamtangazia kila mpita njia kwamba mimi fundi simhitaji.

Ijumaa asubuhi nilipandisha gari kwa jeki uani, nikaliegemeza juu ya magogo, nikatoa gurudumu. Nati ililegea kwa adabu. Rotule yenyewe ikakataa. Niliipiga nyundo, nikaitukana, nikaipaka mawese, nikaibembeleza. Haikusogea.

Ndipo mtu wa baiskeli alipoleta habari kutoka Fizi: mdogo wa mke wangu ameshikwa na uchungu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kimya, bila uhai, na mama yao alikuwa ameapa kwamba safari hii atamshika mgongo yeye mwenyewe. Mama huyo alikuwa kwangu, amekuja kumtunza mke wangu aliyejifungua wiki mbili nyuma. Lori la kupanda Fizi lilikuwa la Jumatatu. Gari lililobaki lilikuwa langu, nalo lilikuwa juu ya magogo. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Dawa ya rotule kaidi niliijua: nyundo mbili, moja kila upande wa tundu linaloibana, zipige kwa pamoja. Lakini majirani wanaume walikuwa msikitini, mwenye baiskeli alikwisha kwenda zake, na mke wangu hakuwa na nguvu. Alibaki mama mkwe. Na kwetu mwanaume hamtazami mama wa mke wake usoni, wala hasemi naye bila mtu katikati. Kila nilipomwona njiani nilijitupa vichakani; vichaka vya Baraka vilinijua vizuri.

Mke wangu akaniletea ujumbe. “Mama anasema kidole moja haiwezi kuua chawa. Anauliza nyundo ingine iko wapi.”

Mke wangu akatundika kitenge kwenye madigadi kiwe pazia kati yetu. Mimi nikalala chini ya gari, mama akachuchumaa nje, na chini ya pindo la kitenge ikaonekana mikono tu.

Nikapiga. Akapiga. Nikapiga. Akapiga. Rotule ikatulia tuli. Nilichelewa kuelewa: maisha yake yote mama huyu alitwanga mihogo na wenzake katika kinu kimoja, na mchi wako hushuka wa mwenzako ukipanda. Alikuwa ananipisha. Nikamwomba mke wangu amwambie kwamba hapa michi inashuka pamoja. Jibu likarudi kwamba kinu cha namna hiyo kitapasuka. Nikasema amwambie ndiyo, tunataka kipasuke. Kitenge kikatikisika, mama alikuwa anacheka.

Mke wangu akahesabu mpaka tatu. Pigo la mama lilitoka begani, pigo la mtu aliyelisha watoto saba kwa mchi, na rotule ikaachia kwa mlio mmoja. Mimi ningekuwa pale mpaka Jumatatu.

Nikafunga mpya, na saa tisa tulikuwa njiani. Mke wangu hakutakiwa kutoka nyumbani kabla ya siku arobaini, lakini alikuja na mtoto wetu mchanga, maana bila yeye nani angetusemea? Mama alikaa nyuma, amejifunika. Kila kona ya mlima nilisikiliza gurudumu la kushoto. Lilikaa imara.

Tulipofika Fizi, wao waliingia ndani, mimi nikabaki uani nikikagua gurudumu lisilo na kasoro. Jua likashuka. Hakuna sauti iliyotoka nyumbani mle, na niliogopa kweli kweli. Mlango ulipofunguka nilitegemea kumwona mke wangu. Alikuwa mama, mikono imelowa maji, na hakutafuta mtu wa kumsemea.

“Mukwe,” aliniita. “Mutoto analia. Unasikia?”

Nilimtazama usoni. Nikamwambia nasikia, mama, na wote wawili tukalia pale uani mbele za watu.