Aliyenyongwa Si Yeye

Kiogora alinunua vitabu kwa sababu ya karatasi. Hilo lijulikane mapema, maana baadaye watu wa Isiolo walimvisha usomi ambao hakuutafuta. Mzungu mmoja wa idara ya mifugo alikuwa anafunga mizigo arudi kwao baada ya Uhuru, anauza kila kitu hadi kamba ya kuanikia nguo, na Kiogora akabeba kasha zima la vitabu baada ya kulipima uzito kwa mkono. Karatasi ya kufungia sukari na tumbaku ilikuwa adimu. Kitabu kinene kingefunga tumbaku muda mrefu.

Ila alikuwa na tabia ya kukagua mali kabla ya kuikata. Alisoma misheni kwao Meru mpaka karo ikagoma, na Kiingereza chake kilitosha kujua kama anadanganywa. Alikifungua kimoja pale kibandani kwake, kando ya soko la mifugo, akasoma ukurasa, akafunua mwingine, na siku hiyo tumbaku iliuzwa imefungwa kwa majani ya mgomba.

Kilikuwa kitabu cha mwuaji. Katika mji fulani wa baridi huko ng'ambo, wanawake walikuwa wakikutwa wamekabwa koo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja saa yake ya mkononi imesimamishwa. Polisi wakahangaika, mwishowe wakamkamata fundi saa mmoja mpole, wakamnyonga.

Kiogora alikisimulia kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, kila alasiri miraa ilipoteremka kutoka Nyambene. Hakufanya hivyo kwa ukarimu. Mtu anayetafuna akipata hadithi haondoki, na asipoondoka hununua kitita kingine. Benchi lilijaa. Rimberia, karani wa ofisi za serikali, alikuja na tai shingoni. Hawo, muuza maziwa, hakutafuna kitu, lakini aliweka vibuyu vyake karibu na kusikia yote huku akijifanya anafukuza nzi. Na Abduba alikaa mwisho wa benchi, upande wa kushoto.

Abduba alikuwa dalali wa ng'ombe, Mborana wa Korbesa, mrefu, hajui kusoma hata jina lake. Walijuana na Kiogora kwa biashara, mikono yao ikiwa chini ya shuka, wakibanana vidole bei isisikike na wengine. Kiogora alikuwa hajawahi kumshinda. Alimpenda kwa hilo, japo asingelitamka.

Siku fundi saa aliponyongwa, benchi zima liliridhika. Abduba akatema kijiti.

"Wamenyonga mtu siye," akasema.

"Abo, bwana, kitabu kimekwisha," Rimberia akamwambia. "Mahakama imeamua."

"Fundi saa anakula kwa saa zinazotembea. Azisimamishe kwa nini? Wewe Kiogora ukiua mtu, utachoma miraa juu ya maiti?"

"Mimi nikiua mtu, nitaanza na dalali."

Watu wakacheka. Abduba hakucheka. "Kitabu kimesema amenyongwa, sawa. Mimi nasema si yeye. Mtaona."

"Tutaona wapi? Hakuna kurasa zingine!"

"Wewe ngoja."

Jambo hilo likawa wimbo wao. Abduba akipita na ng'ombe wa mtu, atapaza sauti kutoka ndani ya vumbi, "Si yeye!" na Kiogora atamjibu, "Kazikwa!" Hata wageni walianza kuuliza ni msiba wa nani.

Kisha mambo ya shifta, waasi wa kaskazini, yakachacha. Barabara ya kaskazini ikawa haipitiki bila msafara wa jeshi. Jua likizama kila mtu alikuwa ndani, na aliyekutwa nje alijieleza kwa shida. Abduba aliondoka kwenda Korbesa kusogeza ng'ombe wake karibu na mto, akisema atarudi soko lijalo. Masoko yalipita. Ikasikika kwamba watu wa upande ule wamekusanywa Merti, ndani ya kijiji chenye ua wa miba na askari mlangoni, na anayetaka kutoka lazima awe na kibali. Kibali cha dalali aliyefungiwa mbali na soko kingetoka kwa nani?

Kiogora hakuzungumza habari hiyo. Aliweka gunia pale mwisho wa benchi, na mtu akitaka kulisogeza akae, aliambiwa akae kwingine.

Kitabu cha pili kilikuja kwa lori kutoka Nanyuki, katikati ya masufuria na viatu vya mlowezi aliyehama. Kiogora alilitambua jina la mwandishi, akaiona na saa iliyochorwa juu ya jalada. Akajifanya anataka sufuria. Akalitia kasoro hii na ile, akamchosha dereva, mwisho akatoa jogoo wake na kusema kitabu kiongezwe tu hapo, kama chumvi. Sufuria lilikuwa linavuja. Hakujali.

Alikifungua palepale. Ukurasa wa kwanza, mwanamke amelala kwenye ukungu, amekabwa koo, saa yake imesimama. Na fundi saa yuko kaburini tangu kitabu kilichopita.

Kiogora aligeuza shingo kushoto kabla hajafikiri. Lilikuwepo gunia.

Alikuwa ameshindwa, tena kushindwa kusikokuwa na njia ya kujitetea, na mtu wa kumcheka hayupo. Katika biashara alizoea kukubali hasara na kulala. Hii hakuweza kulala nayo. Alitaka kumwona Abduba akisimama, akivua kilemba, akiwazunguka watu wote kwa madaha na kuwauliza, "Nilisema nini?" Alitaka kutukanwa, basi. Alitamani sauti ile kama mtu wa nyanda za juu anavyotamani ndizi za kwao akiwa huku kwenye vumbi.

Akasimulia hata hivyo. Kibanda ni kibanda. Na kitabu kilipoisha, ikajulikana kwamba mwuaji tangu mwanzo alikuwa mke wa yule inspekta mwenyewe, kila mtu akatoa lake.

"Huyu mwandishi ni mlafi," Rimberia akasema. "Ametuuzia ng'ombe, tumelipa, sasa anarudi anasema ng'ombe halisi yuko nyuma. Mimi cha kwanza kilinitosha. Halafu mke wa polisi! Nguvu ya kukaba watu ataitoa wapi?"

"Wewe hujawahi kukamua ngamia," Hawo akamjibu, bila kumtazama. Akanyoosha vidole vyake. "Lete shingo hapa, karani."

Rimberia akashika tai yake, benchi likaangua kicheko.

"Lakini hiki cha pili ni kibaya," Hawo akaendelea. "Kile cha kwanza, kila aliyekufa alikuwa na mama, alikuwa na mahali anatoka. Nilikuwa nawalilia. Hawa wa sasa wanakufa tu kama kuku, hata majina mengine sikuyashika. Na yule fundi saa aliyenyongwa bure, nani amelipa watu wake? Ukoo wake umepewa nini? Kitabu kimenyamaza."

Ewoi, Mturkana aliyefuatilia nyayo kwa ajili ya wanajeshi wa kambi ya Burat, alikuwa amesimama akisubiri tumbaku. Naye akaongeza lake. "Hawa polisi ni wapumbavu. Wanasema chini kote kulikuwa na hiyo barafu laini. Na hakuna mtu hata mmoja ametazama chini. Mwanamke na mwanaume hawakanyagi sawa. Hiyo hadithi ingekwisha asubuhi moja."

Zilikuwa hoja nzuri. Wakati mwingine Kiogora angezifurahia. Lakini baada ya kila hoja palibaki nafasi, na alijua ni nani angeingia hapo, kwa kiburi gani, na neno gani la kwanza. Hakuna aliyesema, "Nilisema nini?" Wengi hata walikuwa wamesahau kwamba kuna mtu aliyesema.

Akamvuta Ewoi kando.

"Msafara wa Merti unaondoka lini?"

"Kesho kutwa. Niko ndani yake."

"Kuna mtu huko, Abduba, dalali. Nataka umpelekee kitabu."

Ewoi akakitazama. "Karatasi ya Kizungu nipeleke ndani ya kile kijiji? Pale mlangoni nitaulizwa maswali mpaka nizeeke. Na huyo mtu wako anajua kusoma?"

"Hajui."

"Sasa?"

"Sasa utakipeleka mdomoni. Mdomo hawaupekui."

Wakapatana tumbaku, na Kiogora, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuza, alikubali kile alichoombwa mwanzo. Ewoi akamtazama kwa mashaka, kama mtu anayehisi mbuzi huyu ana ugonjwa. Kisha akakalishwa, akasimuliwa upya, akaambiwa arudie. Akirudia vibaya alirudishwa mwanzo. Mfuatiliaji nyayo hapotezi mpangilio wa mambo. Hakukawia kukishika chote, barafu, ukungu, mke wa inspekta.

"Na ukimaliza," Kiogora akamwambia, "mwulize anasemaje. Neno lake ulilete kama lilivyo. Hata likiwa tusi."

Msafara ulikwenda, ukachelewa, ukarudi. Ewoi alikuja kibandani mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Kiogora alikuwa na mteja, akamwacha mteja.

"Umempata?"

"Nimempata. Amekonda. Anakaa kando ya ua. Nikamsalimia, akajibu kwa desturi yao, watu amani, ng'ombe amani. Nikamwuliza, ng'ombe wako wapi? Akasema, waliokufa ndio wenye amani zaidi."

Kiogora akauliza, "Wote?"

"Sikuona hata ndama." Ewoi akajifuta uso. "Basi nikaanza hadithi yako. Nikamwambia, fundi saa amezikwa, halafu asubuhi moja mwanamke amelala kwenye ukungu, amekabwa, saa imesimama. Aisee! Yule mtu alicheka. Alicheka mpaka askari wa mlangoni akaja kuangalia. Akawa anapiga paja anaita jina lako, Kiogora, Kiogora."

"Halafu? Juu ya mke wa inspekta alisemaje?"

"Hatukufika."

"Hamkufika vipi? Nilikufundisha yote!"

"Alinishika mdomo. Kwa mkono, hivi. Akasema, nyamaza, usiniambie ni nani. Kwako wewe sitaki. Nataka nikae kwenye benchi, na Kiogora aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alikosea, mimi namtazama usoni. Ndipo nitasema kitabu ni kizuri au kibaya."

"Hakusema atarudi lini?"

"Atasemaje, bwana? Anajua watamfungulia lini?"

Kiogora alisimama pale, mteja anaita. Angeweza kukasirika, alikuwa amelipa bei ya juu kwa ajili ya neno, na neno halikuja. Lakini alimjua mtu wake. Dalali anayeondoka sokoni huku bei haijafungwa ni dalali anayekusudia kurudi, na hakuna mwuzaji mwenye akili atakayemwuzia mwingine mali hiyo. Kilichobaki ni kuilinda mali isiharibike njiani.

Msafara uliofuata ulipopangwa barabarani, malori yakinguruma, Kiogora alifunga kibanda katikati ya biashara. Alipita lori kwa lori. Alimwonya Ewoi, aliwaonya wapishi, aliwaonya wabeba mizigo waliowahi kukaa kwenye benchi lake, kwamba atakayetamka jina la mwuaji huko Merti asirudi tena kutafuna kwake, hata kwa pesa taslimu. Lori la mwisho lilikuwa na dereva mgeni, kijana wa Kiturkana aitwaye Nangiro, ambaye hakuelewa chochote.

"Mwuaji gani, mzee?"

"Humjui?"

"Simjui."

"Vizuri sana," Kiogora akasema, akambwagia kitita cha miraa dirishani. "Nenda hivyo hivyo."