Mapigo ya Polepole

Miaka ile maduka ya Mfaranyaki yalipoanza kujaa redio kaseti na bidhaa za kila namna, kikundi chetu cha muziki cha kigangoni, kanisa letu dogo la Msamala, kilipata kinanda kidogo cha betri. Tukakiunganisha na marimba mbili, filimbi na ngoma. Mtunzi nilikuwa mimi, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilitaka muziki usio na maneno, wa asubuhi ya mtaani kwetu: mvua inaanza juu ya bati, mtu anatwanga, ndege wanagombana kwenye mahindi.

Lakini baba alikuwa mgonjwa kitandani, huu ukiwa mwezi wake wa pili, anahema kwa shida, na hofu yangu ikaingia kwenye karatasi bila kubisha hodi. Kengele yetu ya kigango ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa nje. Likipigwa harakaharaka, ni ibada. Likipigwa polepole, pigo moja kisha kimya kirefu, kuna mtu amefariki. Kila lilipoanza kulia nilikaa roho mkononi nikisubiri pigo la pili. Mapigo yale ya polepole nikayaandika chini ya marimba. Sikumwambia mtu nilikoyatoa. Nilijiambia ni muziki tu.

Kwetu kila chombo hujifunza peke yake kabla ya kuunganishwa. Jumamosi moja alasiri ikafika zamu ya mpiga ngoma, ambaye nilimpa na rimu alipige.

"Mwalimu, nilipige rimu lenyewe tu?" akauliza.

"Piga, fuata nota," nikamjibu kwa ukali. Sikupenda kuulizwaulizwa.

Alipofika pigo la sita nilimwona mama anapanda kutoka shambani bondeni, anakimbia, kanga imemwanguka, jembe bado analo mkononi. Hakuniuliza kitu. Alinipita akielekea nyumbani, analia kile kilio cha msiba, na majirani wakatoka wakampokea. Nilimfuata. Niliogopa kumwambia kuwa ni mimi. Niliogopa zaidi kwamba labda ni kweli.

Baba alikuwa ameketi kitandani, anasikiliza msiba wake unavyoingia mlangoni. Mama alipomwona alikaa chini sakafuni. Nikapiga magoti, nikaeleza yote.

"Kwa hiyo umeshaniandika," baba akasema.

Nikamwambia karatasi ile naichana leo leo. Akatikisa kichwa, akatulia kwanza kutafuta pumzi.

"Usichane. Nenda mkapige wote pamoja, nisikie. Siku yenyewe sitasikia."

Nilirudi kigangoni. Wenzangu walikuwa wanangoja, hakuna aliyenitazama usoni. Tulipiga tangu mvua hadi mwisho, na kwenye kinanda nikakosea nota zangu mwenyewe. Tulipomaliza wakafunga vyombo wakaondoka mmoja mmoja. Nyumbani kwetu palikuwa hatua chache tu, nami nilibaki nimekaa palepale, naogopa kwenda kumuuliza kama amesikia hadi mwisho.