Saa Moja na Nusu Hadi Mwanza

Kwa ndege, Dar es Salaam hadi Mwanza ni saa moja na nusu. Kilomita mia nane na hamsini hivi ukinyoosha mstari. Hesabu hiyo niliijua kwa kichwa. Miaka ishirini nimehama mji baada ya mji, na kila nilipokumbuka Bariadi nilijituliza nayo: nyumbani si mbali.

Kwa hiyo dada aliponipigia alfajiri, akasema baba hanywi hata uji na ananitaja mimi tu, nilijibu upesi, "Mwambie nimepata ndege ya saa tatu. Ni saa moja na nusu tu."

Nikamsikia akimweleza kwa Kisukuma. Kisha sauti ya baba, nyembamba: "Basi nitoeni nje."

Ujana wake wote baba aliswaga ng'ombe wa mnada, kutoka Mwanhuzi hadi Bariadi, kwa miguu. Kwake safari ilikuwa na kipimo kimoja: tangu kufungua zizi hadi ng'ombe wanywe maji kule waendako. Siku moja nilipomfuata, nilipoona tu mabati ya mji nikashangilia kwamba tumefika. Akanicheka. "Wamekunywa? Basi hujafika, ng'wana wane." Kipimo chake nilikijua. Nikampa changu.

Ndege ilichelewa. Saa tano bado nilikuwa uwanjani, begi mapajani. Dada akapiga tena.

"Kaka, uko wapi? Amekaa kwenye kiti, ameelekea barabarani, amevaa na koti. Hataki kulala."

"Mrudishe ndani."

"Njoo umrudishe wewe! Mimi ameshaniambia nina haraka ya kumzika."

Nilitua Mwanza saa nane, nikakodi gari na dereva wake. Tulipofika Nyashimo nikampigia dada. Aliuliza tu tuko wapi, kisha akasema, "Njoo taratibu, kaka." Yeye aliyekuwa akinihimiza tangu alfajiri. Sikumwuliza neno jingine. Kwetu msafiri haambiwi msiba akiwa njiani, nami sikutaka kumlazimisha kudanganya. Lamadi tuliiacha barabara ya Musoma, tukashika ya Bariadi. Dereva alifungua redio, nikamwomba aizime.

Nilishuka jua likiwa limeanza kuinama. Kina mama walikuwa wameketi chini, kimya. Kiti kilikuwa palepale, kimeelekea barabarani, koti limetundikwa kwenye egemeo. Nilitaka kuingia ndani moja kwa moja, lakini dada alinizuia mlangoni. Alikuwa ameshika kata ya maji kwa mikono miwili.

"Alisema usipewe pole kabla hujanywa," akaniambia. "Mtungi aliuweka mwenyewe kando ya kiti. Aliniuliza mara tatu kama hiyo saa moja na nusu bado haijaisha."

Nilikunywa nikiwa nimesimama, hadi tone la mwisho. Maji yalikuwa vuguvugu. Yalishinda juani pamoja naye.