Namba Moja Kwenye Faili la Mipangilio

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada, alitunza seva za hospitali yetu kwa miaka kumi na tisa, nasi wa maabara tulimwita Daktari wa Mashine.

"Daktari, wagonjwa wako wameamkaje?"

"Wanahema vizuri kuliko nyinyi," hujibu, bila kutabasamu.

Yeye ndiye aliyeweka kwenye seva ya majibu ya maabara ile programu ndogo ya uangalizi, inayokaa ndani ya mashine kama muuguzi kando ya kitanda, ikipima joto, nafasi ya diski na mwendo wa mtandao, na kutuma ujumbe mambo yanapoharibika. Nilikuwa nimeketi naye siku alipoipanga. Aliandika anwani ya seva, akaweka viwango, kisha akafika kwenye mstari unaouliza ujumbe uende kwa nani. Akampigia mkuu wa idara, akaomba simu ya ofisi na watu watatu wa kupokezana.

"Aliyefunga kitu ndiye mwenyewe," mkuu akasema. "Weka yako, mzee. Tutarekebisha baadaye."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu: anayegusa mashine kwanza hutwishwa hiyo mashine mpaka astaafu. Akaweka namba yake. Baadaye hiyo ilichukua miaka sita, na maombi manne ya maandishi ambayo nimeyasoma kwa macho yangu.

Dada alifariki Jumanne. Alhamisi, tukielekea makaburini, simu ya shemeji ilitetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

"Nipe, shemeji. Leo uko na mkeo."

"Huenda ni seva."

"Na iwe."

Akanipa. Nikaizima, nikaitia mkobani mwangu. Tulipoiwasha kesho yake ilikuwa na jumbe arobaini na moja. Kiyoyozi cha chumba cha seva kilikufa, joto likapanda, diski zikaungua moja baada ya nyingine. Majibu ya wiki mbili yalipotea. Wagonjwa wakaitwa upya kutolewa damu.

Ililetwa seva mpya, faili lile lile la mipangilio, lenye namba ya shemeji, likanakiliwa humo, kisha kamati ya watu saba ikaketi. Niliwaeleza kwamba mkono ulioizima simu ni wangu. Mwenyekiti akajibu kwamba simu si yangu. Shemeji hakujitetea, alisema tu kuwa namba ni yake na aliiandika yeye. Wakamwachisha kazi, amebakiza miezi saba astaafu. Husemwa mnyonge hana haki. Mnyonge huyu haki yake ilikuwa mezani, katika barua nne, na hakuna aliyejisumbua kuzifunua.

Kisha, bila haya, wakamtaka aubadilishe ule mstari kabla ya kukabidhi funguo. Akafungua faili, akauliza kwa upole, "Niweke namba ya nani?"

Mkuu wa idara alitazama karatasi zake. Mwingine alikumbuka kwamba likizo yake imekaribia. Mwenyekiti akasema suala hilo litajadiliwa kikao kijacho.

Shemeji akalifunga faili kama lilivyokuwa.

Juzi nilimkuta sebuleni kwake, amesimama, simu sikioni, akimwelekeza mlinzi wa hospitali kufungua chumba cha seva na kuwasha feni.

"Nyuzi thelathini na nane," alikuwa akisema. "Fanya haraka, ndugu yangu."

Nilimwuliza kwa nini asiizime simu tu, awaachie wenyewe moto wao.

"Majibu ya watu yamo mle, shemeji," akasema, akaketi kumsubiri mlinzi ampigie.