Zaire wa Soko la Mangobo

Mwaka 1971 wakubwa waliamka wakagundua kwamba Kongo si jina la Kiafrika vya kutosha. Wakaibatiza nchi Zaire, yaani neno la "mto" la Wakongo wa kule baharini, lilivyopindika midomoni mwa Wareno. Wenyewe wakaita kurudi kwenye asili. Haya. Papa Amuri, mfanyakazi wa reli kule Ubundu, alisikia redioni, akafurahi kupita kiasi, na binti aliyezaliwa juma lile akampa jina hilohilo.

Likawa jina la nchi, la mto, la pesa na la binti Amuri. Pesa ikaoza, mkate ukanunuliwa kwa mfuko mzima wa noti. Mwaka 1997 nchi ikarudi kuwa Kongo, safari hii na Demokrasia juu yake, na wote tunaona inavyotushibisha. Mto nao ukarudishiwa jina lake. Akabaki binti Amuri peke yake, sasa Mama Zaire, anauza makayabu, samaki wale wa chumvi, soko la Mangobo, na vijana wanamuuliza kama hilo ni jina la utani.

Basi binti yake Aïcha alipojifungua msichana, Mama Zaire alitaka kitu kimoja tu: ndoyi wake, mjukuu wa kubeba jina lake, kama bibi wengine pale mtaani walivyopewa. La sivyo, akifa yeye jina limekwisha. Mkwe wake Yunus, mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua makaa, akakataa.

"Maman, nchi yenyewe ilitupilia mbali iyo jina. Mutoto atabeba ya nini?"

"Nchi ilitupa hata barabara. Donc wewe utaacha kutembea?"

Ulimi ulikuwa mkali, lakini moyo ulimuuma, hata chakula kikamshinda.

Siku ya saba mtoto akanyolewa, wali ukapakuliwa, Shehe Mahmoudi akauliza jina.

"Ramla," akasema Yunus.

Sauti ya Aïcha ikatoka chumbani. "Ramla iko nani? Miye nilibeba tumbo, miye nilizaa. Ule mutoto iko Zaire."

Yunus akatafuta msaada machoni mwa wageni. Wageni walikuwa wanaangalia wali. Shehe, mwenye njaa kama wengine, akamwinamia mtoto, akaita kwa sauti:

"Zaire."

Mama Zaire, aliyeitikia jina hilo tangu utotoni, safari hii alimwachia mwenzake aitike.